Kama Zile za Mwaka Jana

Maafisa wawili wa forodha walipobisha hodi, Mama Adrienne alikuwa anachambua ndakala, dagaa wakavu, kwenye ungo. Mume wake, Papa Télesphore, alikuwa mezani akijilazimisha kunywa chai, maana malaria ilikuwa imemwachia mdomo mchungu na miguu isiyo na nguvu. Ilikuwa Jumanne, saa mbili asubuhi. Wageni hawakuja na kelele. Mkubwa wao, mtu mrefu aliyehamishiwa Kalemie miezi miwili tu iliyopita, alivua hata kofia. Akatoa karatasi moja kwenye dosie, akaiweka mezani, akaigeuza ili mwenye nyumba aisome.

"Papa, hii fomu njo yako?"

"Saini ni yangu. Na muhuri ni wangu."

"Siulizi saini. Nauliza maandishi. Nani aliandika?"

Ungo ukatulia mikononi mwa Adrienne. Hakuhitaji kusogea ili aione fomu ile. Aliijua mstari kwa mstari, kwa kuwa ni yeye aliyeiandika Ijumaa iliyopita, kwenye meza hiyohiyo, mume wake akitetemeka chumbani chini ya mablanketi mawili. Alifungua mdomo aseme. Mume wake akamtangulia.

"Ni mimi."

Yule afisa mrefu akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei asiyoiamini lakini hataki kugombana bado. "Basi unisaidie. Umeandika hapa bunduki tatu za kuwindia, za kuweka risasi moja moja. Jana tumefungua sanduku. Tumekuta bunduki tatu nyeusi, za kisasa, zinajilisha risasi zenyewe. Unavuta, inatoka. Unavuta, inatoka tena. Hiyo si ya kuwindia swala, Papa. Hiyo inaomba ruhusa yake, ya kule juu, na hiyo ruhusa haiko."

"Mwenyewe anasema ni za michezo," akasema afisa mdogo.

"Michezo gani kule Pepa, kwa wafugaji? Ng'ombe njo wanacheza?"

Mdogo akacheka. Télesphore naye akacheka kidogo, kwa adabu, na kicheko hicho kilimuuma mke wake. Mkubwa hakucheka. Alikuwa bado anatazama maandishi.

"Kuna kintu kingine. Nimepitia fomu zako za mwaka muzima. Zingine umeandika kama kuku anachakura. Zingine, kama hii, ni mwandiko wa muntu aliyefundishwa na masista. Muko wangapi ndani ya mukono mumoja?"

"Nikiwa na homa naandika polepole, Chef. Njo inatoka muzuri."

"Homa inakupa mwandiko?" Afisa akamgeukia Adrienne. "Na Mama huyu? Anajua kuandika?"

Télesphore hakumtazama mke wake. Alitazama kikombe.

"Hapana," akasema. "Huyu hakusoma."

Adrienne akainamia ungo, akaanza tena kuchambua ndakala, akizitupa nzima pamoja na zilizovunjika. Miaka ishirini na miwili alikuwa amesimama mbele ya ubao katika shule moja ya masista kule Moba. Watoto waliopita mikononi mwake wengine sasa ni madaktari.

*

Wadeklara wote wa rika la Télesphore, watu ambao kazi yao ni kuandika makaratasi ya mizigo ya wafanyabiashara na kuyafikisha forodhani, waliweka nyumbani fomu tano sita zilizokwisha pigwa muhuri na kutiwa saini, tupu. Sheria haikuruhusu, na kila mtu alijua hairuhusu. Lakini meli ya Kigoma haina ratiba ya kumheshimu mgonjwa. Ikifika leo na wewe umelala, mteja atakwenda kwa mwingine. Kwa hiyo Adrienne, tangu aache ualimu na kumfuata mume wake Kalemie, alikuwa ndiye mkono wa pili wa ofisi ile ya mezani. Aliandika magodoro. Aliandika chumvi, misumari, mafuta ya kupikia. Hakuwahi kukosea hata mara moja, na hilo alijivunia kimyakimya.

Ijumaa ile aliyekuja alikuwa Papa Prospère, mwenye ng'ombe kule Pepa. Mwaka uliopita alikuwa ameingiza bunduki mbili za kuwindia kwa ruhusa halali, na Télesphore ndiye aliyemtengenezea karatasi. Mwaka huu wezi walikuwa wameshuka nyanda za juu wakaswaga ng'ombe wake arobaini, wakampiga mchungaji wake risasi ya mguu. Prospère alikuwa amekonda. Aliweka bahasha mezani akaketi bila kukaribishwa.

"Papa Laurette iko na homa," Adrienne akamwambia, akimwita mume wake kwa jina la mtoto wao. "Unaweza kungoja Jumatatu?"

"Bato ya Kigoma imefika, Madame. Mi ningoje, na wale wezi watangoja? Andika weye. Ni kama zile za mwaka jana, ila sasa ni tatu. Na mwandiko wako, Madame Adrienne, wale wa duane, kule forodhani, wanausoma mpaka wanasinzia kwa raha."

Alicheka, na Adrienne akacheka, akaenda kutafuta kalamu. Tuseme ukweli: sifa ile ilimwingia. Siku hizi nani humsifu mwalimu mstaafu? Akatoa dosie ya mwaka jana, akaiweka kushoto, akaweka fomu tupu kulia, akaanza kunakili kama alivyozoea. Dosie ya zamani ilikuwa na karatasi tatu: hati ya mauzo, ruhusa, na fomu. Katika bahasha mpya, ukiacha fomu, zilikuwamo hati ya mauzo, ruhusa ileile ya mwaka jana ambayo muda wake haujaisha, na karatasi moja zaidi, ya kung'aa, iliyotolewa kwenye kitabu cha matangazo ya duka la ng'ambo. Ilikuwa na picha.

Aliiona picha ile. Hakuitupia jicho tu, aliitazama. Mwanaume wa kizungu mwenye vifuniko vya masikio alikuwa akilenga karatasi yenye duara, na bunduki aliyoshika ilikuwa nyeusi tupu, haina mti hata kidogo, na chini yake imening'inia kasha la risasi. Bunduki za mwaka jana zilikuwa na kitako cha mti, kama ile ya mjomba wake aliyewinda nguruwe pori. Moyo wake ulisema: kamwamshe mume wako. Lakini Télesphore alikuwa ametetemeka usiku kucha na ndiyo kwanza alikuwa amepata usingizi. Na Prospère alikuwa amekaa pale, miguu ikichezacheza. Na isitoshe, kanuni ya Télesphore ilikuwa moja tangu zamani: wape ofisi kile walichozoea kuona, karatasi ngeni inawafanya waulize.

Akaandika "za kuwindia". Akageuza mbili kuwa tatu. Ile karatasi ya picha akaisukuma chini ya kitambaa cha meza, akampa Prospère dosie yenye karatasi tatu, kama ya mwaka jana.

*

"Vaa viatu, Papa," yule afisa mrefu alisema sasa, bila ukali. "Tutaongea vizuri kule biro, ofisini kwetu."

Adrienne alimfuata mume wake chumbani akamsaidia kufunga kamba za viatu, maana akiinama kichwa kilimzunguka. Wakiwa peke yao, Télesphore akamuuliza kwa sauti ya chini:

"Mama Laurette, kulikuwa karatasi ingine? Prospère alileta kintu kingine, ili tujue vile hizo bunduki ziko?"

Hapo ndipo pangekuwa pa kusema. Nafasi ilikuwa wazi kama mlango. Mtu huyu alikuwa ametoka tu kujitwika kosa lake mbele ya serikali, na alimtazama kwa macho ya manjano ya malaria, akiamini kwamba wamedanganywa wote wawili.

"Hapana," Adrienne akasema. "Zilikuwa tatu, kama mwaka jana."

"Basi ni Prospère aliyetucheza," akasema Télesphore, na ilionekana imemtuliza.

Walipotoka, alisimama mlangoni mpaka gari lilipoteremka kuelekea bandarini. Jirani, Mama Bijou, alikuwa amesimama kwake vilevile, mkono kiunoni, akingoja kuambiwa. Adrienne hakumwambia. Aliingia ndani, akainua kitambaa cha meza, akachukua ile karatasi ya kung'aa, akaikunja mara nne na kuitia kwenye mbabula kati ya makaa. Iliungua polepole, kwa moshi mzito wenye harufu ya rangi. Aliogopa wasije wakaikuta. Hakuwaza zaidi ya hapo, na hilo ndilo alilokuja kulijutia kuliko yote.

*

Kesho yake alikwenda mahabusu na bukari moto, ugali wa kwao, na samaki kuhe aliyempika kwa nyanya. Mlinzi alifunua sufuria, akachagua kipande cha mgongo, akakila mbele yake.

"Chumvi iko bien, Mama," akamwambia, akilamba vidole. "Pita uandikwe."

Mezani palikuwa na kitabu kikubwa, na nyuma ya kitabu msichana wa miaka kama thelathini aliyevaa shati la kazi. Kwenye benchi la pembeni alikuwa amekaa yule afisa mrefu wa forodha, dosie magotini, akingoja zamu yake ya kuingia. Alimsalimu Adrienne vizuri kabisa.

Msichana akasukuma kalamu bila kuinua macho. "Jina, unamuwia nani mufungwa, na saini hapa." Kisha akainua macho. Uso wake ukafunguka. "Ma..."

Adrienne naye alimtambua palepale. Mélanie, darasa la tatu, mkono wa kushoto. Mtoto aliyekuwa akiandika herufi zilizolala chali, na yeye akamsahihisha mwaka mzima, siku nyingine kwa upole, siku nyingine kwa rula juu ya vidole.

"Mutoto wangu," Adrienne akamkata haraka, "mi sijui kuandika. Uniandikie, tafazali."

Mélanie alimtazama. Akatazama kalamu. Akamtazama yule afisa kwenye benchi, ambaye sasa alikuwa ameinua kichwa.

"Haina shida, Mama," Mélanie akasema. "Jina?"

"Adrienne."

Akaandika. Na Adrienne, akitazama kutoka upande wake wa meza, herufi zikiwa kichwa chini, akaliona jina lake likitoka kwa A yenye mkia mdogo uliopindwa kushoto, A ileile aliyoichora ubaoni Moba kwa miaka ishirini na miwili. Mtoto alikuwa ameishika vizuri. Wakati mwingine wowote angefurahi mpaka machozi.

Kisha Mélanie akafungua kikasha cha wino, akachukua kidole gumba cha mwalimu wake, akakibonyeza kwenye wino, akakipeleka kwenye mstari. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Alipomaliza alitoa leso yake mwenyewe akamfuta, akafuta tena mahali palipokwisha kuwa safi. Adrienne aliona aibu ambayo hajawahi kuiona, hata siku alizolala njaa.

Télesphore alikula amesimama, upande wa pili wa dirisha la nondo.

"Usiseme kintu," akamnong'oneza. "Sikiliza. Kuandika vibaya ni kosa, watanipiga faini, natoka. Lakini fomu tupu yenye saini, kwa mikono ya muntu asiye na kibali? Tutalala humu wawili. Laurette kule Lubumbashi atabaki na nani?"

"Papa Laurette..."

"Mm?"

Alikuwa na maneno mdomoni. Kulikuwa na picha. Niliiona. Nimeichoma. Yalikuwa maneno machache sana.

"Kula," akasema. "Itapoa."

*

Siku ya kumi na tisa walimtoa. Friji ilikuwa imeuzwa kulipa faini, na hilo lilikuwa jepesi, friji ni kitu. Adrienne aliitwa biro pamoja naye ili ashuhudie anavyokabidhiwa vitu vyake: mkanda, saa, simu. Muhuri wake haukurudishwa. Ulikuwa juu ya meza ya yule afisa mrefu, na karibu yake kibali cha Télesphore cha miaka thelathini na mmoja, kimepigwa mistari miwili ya wino mwekundu.

"Chef," Télesphore akasema, "faini nimelipa. Kibali tena kwa nini?"

"Papa, naomba uelewe. Prospère tumemuuliza. Anasema alileta picha ya zile bunduki, makusudi, ili asifiche kintu. Tumemuuliza mara tatu, maneno ni yaleyale. Picha kwenye dosie haiko." Afisa aliongea polepole, bila chuki, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Kama ningeikuta hiyo picha ndani, ningesema deklara amechanganyikiwa, ameweka kila kintu halafu ameandika vibaya. Hata kama muntu asiyejua kazi njo aliandika, mutoto wake, bibi yake, nani, ningesema ni kosa la ujinga, ningetoa onyo na tungemaliza. Lakini weye unasema ni weye. Muntu wa miaka thelathini na moja hakosei bunduki. Na muntu anayeondosha picha ndani ya dosie, anajua sababu anaiondosha."

"Picha haikukuwa," akasema Télesphore. "Naapa. Zilikuwa karatasi tatu."

Adrienne alikuwa amesimama nyuma yake, hatua moja. Aliangalia shingo ya mume wake, ilivyokonda ndani ya kola. Akaona wazi namna mambo yalivyojipanga: uongo wa mume wake wa kumlinda, na uongo wake wa kujilinda, vimekutana katikati na kumziba mtu pumzi. Ukweli wake, ule wa Ijumaa, ungetosha. Ungekuwa onyo tu. Sasa angeusema kwa ushahidi gani? Jivu la mbabula? Na kidole chake kimo mle kitabuni mara kumi na nane, kikiapa kwamba hajui kuandika.

"Na zile bunduki?" Télesphore akauliza, kama mtu anayeuliza habari za watoto wa mwenzake.

"Ziko depo ya forodha. Prospère amepata mwanasheria, anatafuta ruhusa ya Kinshasa. Labda atazipata, labda hapana. Yeye amerudi Pepa."

*

Mvua zilikuja, zikaenda. Télesphore alijaribu kupakia mkaa, mgongo ukakataa. Asubuhi meli ya Kigoma ilipopiga honi, bado alisimama, akatafuta mkanda wake, kisha akaketi tena. Mama Bijou alikuja na barua ya kuandikiwa, kama zamani, ya kumwomba shemeji yake wa Niemba unga wa muhogo. Adrienne alimwambia mkono unamuuma. Alikuja mwingine, akamwambia vilevile. Mtaa mzima ukajua mwalimu ana ugonjwa wa mkono.

Mwezi wa tano habari zilifika kwamba waliofutiwa kibali wanaweza kuomba upya. Barua iandikwe kwa mkono wa mwenyewe, kwa Kifaransa, ieleze hali ya nyumbani. Télesphore alipata uhai. Alinunua karatasi nne nyeupe, akafuta meza, akavuta viti viwili.

"Mama Laurette, njoo. Weye njo unajua haya mambo."

Na kwa mazoea, kabla hata hajafikiri, Adrienne akaketi, akachukua kalamu, akaandika juu kulia: Kalemie. Basi. Neno moja. Herufi zilisimama wima, zimeshikana mikono, K imefungua kifua. Wote wawili wakalitazama. Fomu ya bunduki ilikuwa na neno hilo hilo, mahali hapo hapo, kwenye dosie ya yule afisa mrefu ambaye ndiye atakayeipokea barua.

Adrienne akaichana karatasi, akamsogezea mume wake kalamu.

Télesphore aliandika, Adrienne akakaa pembeni akimtajia maneno. Mistari ilipanda na kushuka. Alisahau nukta, yeye akamwonyesha kwa kidole. Walieleza miaka thelathini na mmoja ya kazi, malaria, friji, mtoto aliye masomoni. Walipofika kwenye hali ya nyumbani, Télesphore akasimamisha kalamu, akakuna kidevu.

"Tuweke na hii," akasema. "Itawaingia huruma." Akaandika, akisoma kwa sauti kila neno, kwamba mke wake ni mwanamke asiyejua kusoma wala kuandika, na hana msaada mwingine isipokuwa yeye.

Adrienne aliinama juu ya karatasi. Neno lenyewe, lile la Kifaransa la kumwita mtu asiyesoma, mume wake alikuwa amelikosea herufi.

Angeweza kuliacha. Afisa asingejali. Lakini zaidi ya hilo, kulikuwa na lile jingine, la picha, limekaa kooni mwake tangu ile Jumanne, na alihisi kwamba kama halisemi leo, wakiwa wawili hivi, mabega yakigusana, hatalisema tena maisha yake yote. Akavuta pumzi.

"Kuna nini?" Télesphore akauliza. Alimtazama kwa macho safi, yasiyo na malaria, ya mtu anayetumaini. "Nimekosea?"

"Ndiyo, hapo," akasema Adrienne, na akaweka kidole gumba chini ya lile neno. "Futa. Nitakutajia."

Akamtajia, herufi moja moja, kwa sauti ileile ya darasani, na mume wake akaandika.